Dharau Huzaa Ubaguzi, na Ubaguzi Huita Fimbo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi na watu wa mitaa)



Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi wala juu ya viti vya wakubwa. Tumekuja kusema juu ya jambo linalomkuta mtu tangu anapoingia mlango wa kazi asubuhi mpaka anapotoka jioni. Jambo hilo lina sehemu tatu: dharau, ubaguzi na jeuri. Watu wengi huzichanganya. Mmoja akipigwa, tunalia juu ya fimbo tu, wala hatuulizi fimbo ilitoka wapi. Basi tuzitenge kwanza, maana asiyeujua ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Dharau ni hukumu ambayo mtu amekwisha kuikata juu ya mwenzake kabla ya kumwona akifanya kazi. Anasema: watu wa kabila lile ni wezi, mwanamke hawezi kazi ya mashini, huyu wa kijijini hana akili. Hakupima kitu chochote. Alirithi neno tu, akaliweka moyoni.

Ubaguzi ni dharau iliyopewa kalamu. Hapo neno linatoka moyoni na kuingia katika daftari la kazi: nani anaandikwa na nani anaachwa nje, nani analipwa ngapi, nani anapandishwa cheo, nani anapewa viatu na kofia ngumu, na nani anashuka shimoni bila kitu.

Jeuri ni mkono unaolilinda daftari hilo. Tukisema jeuri, wengi hufikiri ngumi na risasi. Lakini matusi ya kila siku ni jeuri. Vitisho ni jeuri. Mkubwa anayemtaka mwanamke mwili wake ili amwandike kazi, huyo anafanya jeuri. Tarehe 21 Juni 2019, katika mji wa Geneva, Shirika la Kazi la Dunia lilikubali mapatano ya namba 190, na ndani yake imeandikwa kwamba jeuri kazini ni ile ya mwili, ya roho, ya tamaa za mwili na hata ya mali, ijapokuwa imetendwa mara moja tu.

Sasa tuangalie jinsi mambo hayo matatu yalivyotembea katika nchi yetu.

MAWE YALEYALE, WATU WALEWALE

Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka wa 1911 kiwanda kikayeyusha shaba ya kwanza. Watu wa kazi waliletwa kutoka pande nyingi: kutoka Northern Rhodesia, kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi. Wengi hawakuja kwa kupenda. Walitolewa na masultani wao waliobanwa na serikali. Na mtu mzima, mwenye mke na watoto, alipofika kazini aliitwa «boi».

Siku zile ilisemwa pande zote kwamba mtu mweusi hawezi kazi ya ufundi. Tazameni ng'ambo ya mpaka, katika Northern Rhodesia ambayo leo ni Zambia. Huko wafanya kazi wa kizungu walishikilia kazi za ufundi ziwe zao peke yao, na mweusi aliambiwa kwamba akili yake haifiki. Lakini upande wetu kompani ilifanya hesabu nyingine. Mzungu alikuwa ghali: nauli ya meli, nyumba nzuri, mshahara mkubwa, likizo ya Bulaya. Basi tangu miaka ya 1920 kompani ilianza kuwafundisha watu weusi, na katika miaka ya 1930 watu weusi wa Katanga waliendesha mashini, waliendesha gari moshi, walifanya kazi za tanuri, kazi ambazo ng'ambo walikatazwa kuzishika.

Fikirini jambo hili vizuri. Mawe ni yaleyale. Watu ni walewale: Walamba wako huku na huko, Wabemba wako huku na huko. Kipushi iko juu ya mpaka wenyewe. Je, mtu anaweza kuwa na akili akiwa Kipushi, kisha akaipoteza akivuka hatua mia? Haiwezekani. Basi dharau ile haikuwa ujuzi juu ya mtu mweusi. Ilikuwa neno linalosemwa mahali linapoleta faida, na kusahauliwa mahali linapoleta hasara.

Hapo mtu atauliza: kompani ya Katanga ilipowafundisha weusi, iliacha ubaguzi? Hapana. Ilichukua mikono yao, ikauacha mshahara pale pale. Mweusi aliikamata kazi ya mzungu, lakini fedha ya mzungu hakuikamata. Na sheria zenyewe zilikuwa mbili. Mzungu alikuwa na sheria yake ya mkataba wa kazi. Mweusi aliwekwa chini ya dekreti ya tarehe 16 Machi 1922, na kwa dekreti hiyo aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha, au aliyekataa amri ya mkubwa wake, aliweza kutiwa gerezani. Mzungu akivunja mkataba, lilikuwa jambo la fedha. Mweusi akivunja mkataba, lilikuwa jambo la kifungo. Kosa moja, hukumu mbili.

Hapa kuna fundisho kubwa. Ubaguzi hauhitaji mtu mwenye hasira. Karani mpole, mwenye kusali kila Jumapili, asiyemtukana mtu yeyote, aliweza kuketi mezani na kuandika mishahara ya namna mbili kwa mwandiko mzuri. Ndiyo sababu hatusemi tu juu ya watu wabaya. Tunasema juu ya daftari.

Tusisahau na makambi. Karibu na mwaka wa 1928 kompani ilianza kuwapa watu mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu wake zao kuja, ikajenga nyumba, hospitali na shule. Hatukatai kwamba watoto wengi walizaliwa salama mle, na wengi walijifunza kusoma mle. Lakini nyumba ilikuwa ya kompani. Posho ilikuwa ya kompani. Mkubwa wa kambi, ambaye watu walimwita Changa-Changa, aliweza kuangalia hata mambo ya ndani ya nyumba ya mtu. Na aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Mtu wa namna hiyo ataanzia wapi kusema «mimi sikubali»?

SIKU WALIPOULIZA

Walisema, ijapokuwa ilikuwa hatari. Mwaka wa 1941 dunia ilikuwa katika vita. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi iliongezwa, na bei za vitu sokoni zilipanda. Wafanya kazi wa kizungu walijiunga katika chama chao na kudai mshahara; wakubwa wakaketi na kuzungumza nao. Wafanya kazi weusi walikula njaa ileile ya vita, lakini wao hawakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika.

Mwanzoni mwa Desemba 1941 mgomo ulianza upande wa Likasi, ukafika Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba watu walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alikuwapo, askari walikuwapo na bunduki zao. Msemaji wa wafanya kazi, Léonard Mpoyi, aliuawa, na askari wakapiga risasi katikati ya watu. Makumi ya watu walikufa.

Swali moja tu lilitolewa uwanjani siku ile: kwa nini kazi yetu haitulishi? Wazungu walipouliza walijibiwa kwa maneno. Weusi walipouliza walijibiwa kwa risasi. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyekwisha kuhesabiwa kuwa mtoto haruhusiwi kuuliza. Dharau ilikuwa imetayarisha risasi miaka mingi kabla ya siku ile. Sendika za weusi zilipata ruhusa mwaka wa 1946, tena chini ya ulinzi mkali wa serikali.

Jambo hilo halikuwa la machimbo tu. Katika jeshi la Force Publique, siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, maofisa wote walikuwa wazungu. Siku hiyohiyo Patrice Lumumba aliwakumbusha wote waliokuwapo jinsi mweusi alivyoambiwa «tu» kama mtoto, na mzungu akaambiwa «vous» kwa heshima. Siku chache baadaye Jenerali Janssens aliandika ubaoni, mbele ya askari, kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Maana yake: ninyi hamtapanda. Askari waliasi. Na jeuri iliyotoka hapo iliwapata hata wasio na kosa, wanaume na wanawake. Ndivyo ilivyo: ukimfungia mtu mlango wa haki kwa miaka mingi, siku ya kuvunjika kwake mlango huo hauchagui wa kumwangukia.

SISI KWA SISI

Ndugu zetu, kama tungeishia hapa, mngetupigia makofi na kwenda nyumbani mkiwa na furaha. Ni rahisi kusema juu ya mzungu wa zamani. Lakini hatukuja kutafuta makofi.

Tulirithi machimbo, tukarithi na daftari. Kompani ya zamani ilikuwa imeleta watu wengi kutoka Kasai, na shule za misioni zilikuwa zimewafundisha wengi wao ukarani. Wenyeji wa Katanga wengi waliona kwamba wao, wenye ardhi, wameachwa nyuma. Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo yote. Mtu anayeona shaba ikitoka chini ya shamba la babu yake, na mtoto wake hana kazi, ana haki ya kuuliza.

Lakini tazameni jinsi swali hilo lilivyogeuzwa. Badala ya kuuliza nani anaweka hesabu ya shaba na fedha inakwenda wapi, wakubwa wa siasa walimwonyesha mfanya kazi jirani yake. Wakampa jirani huyo jina: «bilulu», yaani wadudu. Neno hilo lilisemwa katika mikutano, likaimbwa barabarani. Nanyi mnajua mtu anafanya nini na mdudu.

Mwezi wa Agosti 1992 katika Likasi, kisha mwezi wa Machi 1993 katika Kolwezi, watu wa Kasai walifukuzwa. Walitolewa nyumbani, walitolewa kazini. Maelfu kwa maelfu walilala vituoni mwa reli wakingoja gari la kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona, maana walizaliwa Katanga, na baba zao wamezikwa Katanga. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, na watoto walikuwa wa kwanza. Na Léonard Mpoyi, msemaji wa mwaka wa 1941, jina lake ni jina la Waluba wa Kasai. Mtoto wa mtu kama huyo angefukuzwa vilevile.

Je, waliobaki walipata faida gani? Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1993 haikufika tani 60,000. Anguko hilo lilikuwa na sababu nyingi: mashini zilizochakaa, mgodi wa Kamoto ulioanguka mwaka wa 1990, uporaji wa mwaka wa 1991. Lakini kufukuza jirani hakukuleta kilo moja ya shaba, wala franka moja ya mshahara. Aliyechukua kiti cha aliyefukuzwa aliketi juu ya kiti kisicho na malipo.

MAMA ZETU NA DADA ZETU

Kuna dharau nyingine ambayo sisi wanaume tunaibeba bila hata kusikia uzito wake. Katika machimbo mengi ya mikono, hata leo, husemwa kwamba mwanamke akikaribia shimo mawe hukimbia. Basi mwanamke anakatazwa shimo. Anapewa kazi ya kuosha mawe, kuyachagua, kuyabeba, akiinama majini kutwa nzima, na jioni anapata fedha kidogo kuliko wote.

Tufanye tena hesabu ya Kipushi. Mawe yanamkimbia mwanamke yakiwa shimoni, lakini hayamkimbii yakiwa kichwani mwake? Hayamkimbii yakiwa mikononi mwake mtoni? Mnaona: ni dharau ileile. Inasemwa mahali penye fedha, inasahauliwa mahali penye uchovu.

Na sheria nayo iliipa dharau hiyo kalamu. Sheria ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya mapatano ya sheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka wa 2016. Miaka 29 mama mwenye diploma, mwenye watoto wa kulea, alihesabiwa katika jambo hilo kama mtoto. Sisi tuliokasirika kuitwa «boi», tuliona vizuri kufanya vile nyumbani kwetu?

DAFTARI LA LEO

Siku hizi hakuna dekreti inayosema mweusi huku na mzungu huku. Lakini mfanya kazi ajiangalie mwenyewe. Watu wawili wanasimama mbele ya mashini moja, saa zilezile, vumbi lilelile. Mmoja ameandikwa na kompani yenyewe: ana daktari, ana likizo, ana mkataba mrefu. Wa pili ameandikwa na kompani ya katikati: mkataba wake ni wa miezi michache, mshahara wake ni mdogo, na akiumia anaweza kuambiwa asirudi kesho. Na wote wawili wanaona meza ya kula ya wageni na meza ya kula ya wenyeji. Nani aliyepanga hivyo? Kwa sababu gani? Na tofauti ya mishahara ile miwili inaingia mfukoni mwa nani?

Hayo ndiyo maswali matatu tunayotaka mwende nayo. Mkiona sheria yoyote kazini inayowatenga watu, msiulize kwanza kama mkubwa ana roho mbaya. Ulizeni: nani amewekwa chini? Sababu inayosemwa ni ya kweli, au ni mawe yanayokimbia? Nani anakula tofauti?

Mtu mmoja alituambia: «Dharau ni jambo la moyo, na sheria haiingii moyoni.» Ni kweli, haiingii moyoni. Lakini inaingia katika daftari, na inaushika mkono. Tulizo nazo ni hizi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inasema kwamba mtu asidhulumiwe kazini kwa sababu ya asili yake, jinsi yake, mawazo yake, imani yake wala hali yake ya maisha. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakataa mtu aachishwe kazi kwa sababu ya kabila, rangi, dini, mimba, au kwa sababu ameingia sendika au amepeleka mashtaka.

Sheria iliyolala katika kitabu haimlindi mtu. Basi tufanye hivi.

Kwanza, tuandike. Matusi, kipigo, mshahara uliokatwa: siku gani, saa gani, mahali gani, nani alikuwapo. Neno la mdomo hukanushwa. Karatasi yenye tarehe ni ngumu kukanusha.

Pili, tusiende peke yetu. Mmoja akienda ofisini, anaitwa mkorofi. Sendika ikienda naye, linakuwa jambo la kazi. Kama hakuna mapatano, liende kwa Inspekta wa Kazi, na huko likishindikana liende mahakamani.

Tatu, ushahidi usifuate kabila. Huu ndio mtihani wetu sote. Akipigwa mtu wa kwenu, kusema ni rahisi. Akipigwa yule wa lugha nyingine, ambaye ukimya wako ungeweza kukupatia nafasi yake, hapo ndipo tutajua kama wewe ni mfanya kazi au ni fimbo inayongoja mkono.

Nne, makapita na wakubwa wa kazi waliotoka kwetu: kumbukeni mlivyoitwa. Neno mlilolichukia msimpe kijana aliye chini yenu.

Tano, nyumbani na mitaani tusilee majina ya wadudu. Mtoto anayesikia mezani kwamba jirani si mtu, ataandika hivyo siku atakapopewa kalamu.

Ndugu zetu, wale wa mwaka wa 1941 hawakuwa na katiba, hawakuwa na sendika, wala nyumba zao hazikuwa zao. Walikuwa na jambo moja tu: walisimama pamoja, watu wa makabila mengi, wakauliza swali moja. Sisi tuna karatasi nyingi kuliko wao. Tusikose lile moja walilokuwa nalo.

Kesho asubuhi king'ora kitalia, nanyi mtaingia kazini. Mwangalie aliye kushoto kwako na aliye kulia kwako. Kama mmoja wao amewekwa chini bila haki, anza naye.